Dhahabu ya Kilwa Altareni



Juma lililopita, baada ya mafundisho ya Kipaimara, kijana mmoja wa kidato cha pili alibaki nyuma akiwa na daftari lake la historia mkononi. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba Vasco da Gama ndiye aliyegundua njia ya bahari kutoka Ulaya hadi India. Akaniuliza: “Padre, kama kule Malindi walimpa mtu wa kumwonyesha njia, basi yeye aligundua nini?” Nilicheka. Kisha nikajutia kicheko changu, maana swali lile halikuwa la mzaha, nami sikuwa na jibu la kumpa pale pale nikiwa nimesimama mlangoni mwa kanisa. Nikamwahidi kwamba nitaliandika.

Sisi wa Mandewa bahari tunaijua kwa kusimuliwa. Maji makubwa tuliyo nayo ni ya maziwa yetu, Singidani na Kindai, ambayo kwa chumvi yake hayanyweki. Lakini upepo tunaujua. Mtu wa Singida hahitaji kufundishwa kwamba upepo una majira yake. Basi yeye ataelewa upesi jambo ambalo Wareno walichukua muda mrefu kulielewa: kwamba Bahari ya Hindi ina milango miwili, nayo hufunguliwa na kufungwa na upepo. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa mwaka hadi Machi hivi na kuleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusi huanza karibu na Aprili na kuyarudisha. Kwa karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika, watu wa Kilwa, Mombasa, Malindi na Lamu waliishi kwa kalenda hiyo. Walioa na kuozesha, walikopa na kulipa, walijenga na kuhama kwa kuutazama upepo.

Vasco da Gama aling’oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne na watu wapatao 170. Kubwa mbili ziliitwa kwa majina ya malaika wakuu: São Gabriel, aliyoiongoza yeye, na São Rafael, iliyoongozwa na kaka yake Paulo. Ya tatu, ndogo na nyepesi, iliitwa Berrio, na ya nne ilibeba akiba ya chakula. Matanga yake yalichorwa msalaba mwekundu. Mbao zake ziligongomewa misumari ya chuma, tofauti na mitepe ya pwani yetu ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Na ubavuni zilikuwa na mizinga. Misumari na mizinga, hizo ndizo tofauti mbili za kukumbuka. Mtepe uliweza kuvumilia mawimbi na hata kugonga mwamba bila kupasuka upesi, kwa kuwa kamba hulegea na kunyumbuka. Lakini haukujengwa kwa ajili ya kubeba mizinga. Wenye mitepe walikwenda kufanya biashara. Sisemi walikuwa watakatifu. Nasema tu kwamba chombo humweleza mwenye chombo.

Walizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ambayo Mreno mwenzao Bartolomeu Dias alikuwa ameizunguka mwaka 1488, na Machi 1498 wakafika Kisiwa cha Msumbiji. Huko walianza kugombana na wenyeji. Mwezi uliofuata walikuwa katika bahari yetu, mbele ya pwani ya Tanga, na hapa nataka nitulie kidogo, kwa sababu vitabu vya shule hupita mahali hapa mbio.

Tarehe 6 Aprili 1498, kabla ya mapambazuko, merikebu São Rafael ilipanda juu ya fungu la mchanga karibu na Mtang’ata, kusini ya mji wa Tanga wa leo. Mmoja wa wasafiri hao aliacha kumbukumbu zilizoandikwa, na humo anaeleza kwamba wakati wanangoja maji yajae ili chombo kielee tena, wenyeji walikuja na vyombo vyao vidogo wakiuza machungwa, ambayo mwandishi anakiri yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Ninyi mnunuao machungwa ya Muheza pale sokoni Singida mtaelewa kwamba hakutia chumvi. Wareno wakaliita lile fungu kwa jina la Malaika Rafaeli, na milima waliyoiona kwa mbali, yaani Usambara yetu, wakaiita vivyo hivyo. Milima ilikuwa na jina lake tayari, na watu walioishi humo walilijua. Hakuna aliyewauliza.

Mombasa waliingia kwa mashaka na kutoka kwa uhasama. Malindi walifika tarehe 14 Aprili, siku iliyotangulia Pasaka, nao wakapokewa vizuri, kwa kuwa Sultani wa Malindi alikuwa na ugomvi na Mombasa na alitafuta rafiki mwenye nguvu. Ndugu zangu, ni mara ngapi mgeni ameingia nyumbani kwa sababu wenye nyumba hawasemezani! Sultani akampa rubani. (Neno hili leo twalitumia kwa waendeshaji wa ndege, lakini asili yake ni baharini.) Wengi walisimulia kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni, wanahistoria wa leo wanaona kwamba yaelekea zaidi alikuwa Mgujarati kutoka India. Vyovyote iwavyo, waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi likiwa limeanza, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut. Chini ya mwezi mmoja.

Safari ya kurudi ndiyo inayoonyesha nani aliijua bahari. Vasco da Gama hakungoja kaskazi. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, mlango ukiwa bado umefungwa, na akatumia karibu miezi mitatu kuvuka maji yale yale. Kiseyeye kiliwashika mabaharia: fizi zikavimba hadi kufunika meno, miguu ikajaa maji, na watu wapatao thelathini wakafa katika sehemu hiyo peke yake. Januari 1499 waliporudi Malindi, walipata huko machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Lakini hayakuwafaa sana, maana wengi walikuwa wamechelewa. Hawakubaki watu wa kutosha kuongoza merikebu tatu. Basi walipofika tena kwenye lile fungu la Mtang’ata walihamisha mizigo, wakanunua kuku kutoka kwa wenyeji kwa kuwapa mashati na bangili, na São Rafael wakaitia moto. Mabaki ya merikebu iliyobeba jina la malaika msindikizaji wa wasafiri, yule aliyemwongoza kijana Tobia njiani, yaliachwa katika bahari ya Tanzania. Sanamu ya malaika huyo waliiokoa. Ipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya bahari mjini Lisbon. Paulo da Gama hakufika kwao. Alifia njiani katika visiwa vya Azores. Kati ya wale 170 hawakurudi hata nusu.

Kama hadithi ingeishia hapa, ningemwambia kijana wangu kwamba ni hadithi ya ujasiri na mateso, na ya ukarimu wa watu wa pwani kwa wageni wagonjwa. Haikuishia hapo.

Kilwa, msomaji wangu, ulikuwa mji mkubwa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyeutembelea mwaka 1331, aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri. Masultani wake waligonga sarafu zao wenyewe, walijenga msikiti mkuu wenye kuba za mawe ya matumbawe, na kasri la Husuni Kubwa juu ya mwamba utazamao bahari. Utajiri huo ulitoka hasa katika dhahabu, wala dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa bara, katika nyanda za juu za nchi iitwayo leo Zimbabwe, ikashushwa hadi Sofala, na kutoka Sofala ikapita mikononi mwa Kilwa. Watu wa bara walichimba, watu wa pwani wakatajirika. Sisi wa Singida tunaifahamu hali hiyo. Dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, ilichimbwa wakati wa Mjerumani, na mwaka 1916, katikati ya vita, ikapelekwa Tabora kugongwa sarafu zenye picha ya tembo, ambazo leo watu wenye fedha nyingi ulaya hununuliana kama vitu vya fahari. Sijapata kuiona hata moja hapa Singida.

Mwezi Julai 1502 Vasco da Gama alirudi, sasa akiwa na kundi la merikebu za vita. Alitia nanga mbele ya Kilwa na kumdai mtawala wake, Ibrahimu, awe chini ya mfalme wa Ureno na alipe kodi, la sivyo mji ungechomwa moto. Ibrahimu mwenyewe kiti alikuwa amekipata katika fitina za ikulu, na watu wake hawakuwa kitu kimoja. Hilo Wareno walilijua. Kodi ikawekwa kuwa mithqali 1,500 za dhahabu kwa mwaka, yaani zaidi ya kilo 6 kwa vipimo vyetu. Malipo ya kwanza yakatolewa. Dhahabu ikaingia merikebuni, na merikebu zikaendelea hadi pwani ya India, ambako katika safari hiyo hiyo Vasco da Gama alikamata chombo cha mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka, akakitia moto kikiwa na mamia ya watu ndani yake, wanawake na watoto wakiwamo. Wareno waliokuwapo waliyaandika hayo, na mmoja wao alikiri kwamba asingeisahau siku ile maisha yake yote. Mwaka 1503 msafara ulirudi Lisbon, na dhahabu ya Kilwa ikawekwa mbele ya Mfalme Manuel.

Naye Manuel aliifanyia nini? Hapa ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito. Aliagiza itengenezwe monstransi.

Ipo hadi leo. Huitwa Monstransi ya Belém, kwa jina la mahali palipokuwa na monasteri ambayo mfalme aliirithisha, nayo imewekwa katika jumba la taifa la sanaa za kale mjini Lisbon. Aliyeitengeneza ni sonara aitwaye Gil Vicente, na ilimalizika mwaka 1506. Kimo chake kinapita sentimita 70. Ni dhahabu tupu pamoja na rangi za kioo kilichoyeyushwa, nyekundu, kijani na buluu. Mitume Kumi na Wawili wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya Hostia Takatifu. Juu yao yupo njiwa wa Roho Mtakatifu, na juu kabisa Mungu Baba. Chini, kwenye kitako, wamechongwa ndege, maua na konokono. Na kuizunguka sehemu hiyo ya chini yameandikwa maneno yanayosema, bila kuficha lolote, kwamba mfalme aliiagiza ifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Nimeiona katika picha tu. Nilipoiona mara ya kwanza, kabla sijajua asili yake, nilisema moyoni kwamba hicho ndicho chombo kinachostahili. Mimi ni padre. Kila ninapotoa Baraka Kuu naivaa ile shela mabegani, nafunika mikono yangu, nainua monstransi, na watu wanapiga magoti hadi sakafuni. Hakuna tendo ninalolipenda kuliko hilo. Sasa mnajua kwa nini jambo hili haliniachi. Kristo aliyeabudiwa ndani ya dhahabu ile ni Yeye yule. Nami siwezi kusema kwamba dhahabu ile ilitolewa na mikono iliyopenda kutoa.

Na mambo ya Kilwa hayakukoma kwa kodi. Monstransi ikiwa bado mikononi mwa sonara, Julai 1505, Francisco de Almeida alifika na kundi la merikebu, akitumwa kuwa mwakilishi wa mfalme huko India. Alisema kodi haikulipwa. Tarehe 24 Julai askari wake walishuka, Ibrahimu akakimbia, na mji ukatekwa karibu bila vita. Mafransisko waliokuwa katika msafara waliushusha msalaba pwani, ukasimikwa, wakaimba utenzi wa Te Deum wa kumshukuru Mungu. Na baada ya wimbo askari wakaanza kupora nyumba kwa nyumba. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, na ngome waliyoijenga wakaiita kwa jina lake. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa, nayo iliungua vibaya zaidi. Mwaka 1512 Wareno wenyewe waliiacha ngome ya Kilwa, maana biashara waliyoijia kuishika ilikuwa imewaponyoka: waliushika mlango, wageni wakapitia dirishani. Hapakubaki kanisa lililokua, wala jumuiya ya waamini. Imani katika nchi yetu ilikuja kuota mizizi zaidi ya miaka 350 baadaye, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, wakianza kwa kuwakomboa watumwa.

Kuna wanaosema, “Padre, usiwahukumu watu wa kale kwa akili za leo.” Ni onyo zuri, nami nalishika. Lakini Maandiko waliyokuwa nayo ndiyo tuliyo nayo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 34, kinaeleza kwa ukali usio wa kawaida jinsi Mungu anavyoitazama sadaka iliyotolewa kwa mali ya maskini. Mwaka 1514, miaka minane tu baada ya monstransi kumalizika, padre mmoja Mhispania kule Cuba, Bartolomé de las Casas, alikuwa akiisoma sura hiyo hiyo ili kuandaa mahubiri ya Pentekoste. Alikuwa na shamba na wenyeji waliolazimishwa kumfanyia kazi. Maneno yalimchoma, akawaachilia, na akatumia maisha yake yaliyobaki kuwatetea. Ukweli wote usemwe: mtu huyo huyo alipata kushauri waletwe watumwa Waafrika ili Wahindi wa Amerika wapumzike, na baadaye, alipojua namna Wareno walivyowapata watumwa hao, akaandika majuto yake. Kwa hiyo watu wa zama zile waliweza kuona. Wengine waliona nusu, na wengine walichelewa.

Kanisa pia lilichelewa, na sitaki msomaji wangu alisikie hilo kwa wengine kabla ya kulisikia kwa padre wake. Hati za Papa Nikolaus V za mwaka 1452 na 1455 ziliwapa wafalme wa Ureno ruhusa ya kuwashinda na kuwatia utumwani watu wasio Wakristo. Mwaka 1537 Papa Paulo III aliandika kinyume chake kuhusu wenyeji wa Amerika, kwamba wasinyang’anywe uhuru wao wala mali zao. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa. Na tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ilitamka wazi kwamba lile wazo la kwamba nchi huwa mali ya anayedai ameigundua si sehemu ya mafundisho ya Kanisa Katoliki, na kwamba hati zile hazikuheshimu ipasavyo utu wa watu waliokutwa. Kutoka 1452 hadi 2023 ni miaka 571. Hesabu hiyo nimeifanya mara mbili.

Wareno walituachia pia maneno, na haya huwa nayasimulia kwa vijana kwa sababu huwafurahisha. Meza ni neno lao, na bendera, leso, karata na mvinyo. Gereza nalo ni lao, na kwao maana yake ilikuwa kanisa. Watu wa pwani waliona jengo la mawe lenye kuta nene, mizinga juu na kanisa ndani, wakalisikia likiitwa kwa jina hilo, wakaita ngome nzima gereza. Baadaye ngome zikawa mahali pa kufungia watu, na neno likafuata kazi. Ukienda Kilwa Kisiwani utakuta ngome iliyojengwa upya wakati wa Waomani juu ya mabaki ya ile ya Wareno, na hadi leo inaitwa Gereza. Lugha yetu iliwatazama wageni, ikaandika ilichokiona.

Na neno jingine katika orodha hiyo ni lile ambalo yule kijana aliniita mlangoni.

Basi jibu langu kwake ni hili. Vasco da Gama hakugundua njia. Aliionyeshwa, kwa wema wa watu wa Malindi na ujuzi wa rubani ambaye jina lake hatuna uhakika nalo. Alichofanya ni kuunganisha njia hiyo na njia yake ndefu ya Atlantiki, kazi ya kweli iliyowagharimu maisha watu zaidi ya nusu. Kisha akarudi na mizinga kudai malipo kwa wenye njia. Mwalimu akiuliza katika mtihani, andika mwaka 1498, upate maksi zako. Haya mengine yaandike kurasa za nyuma za daftari.

Amesema atakuja tena Jumamosi, na ameomba aione monstransi yetu kwa karibu. Nitamtolea sakristia. Ni ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, na kwenye kitako rangi imeanza kubanduka. Ilinunuliwa kwa michango ya jumuiya ndogo ndogo katika mwaka ambao alizeti ilikubali, na majina ya waliochanga, pamoja na kiasi cha kila mmoja, yamo katika daftari la parokia. Wa mwisho katika orodha ni bibi mmoja aliyetoa debe moja la mtama.